Kiatu Kwenye Swichi

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, meza ilikuwapo na kiti hakikuwapo. Juu ya meza palikuwa na kibao cha mbao kilichoandikwa kwa rangi nyeupe, AFISA USALAMA, na rangi yenyewe ilikuwa haijakauka. Mwanamke aliyekuja kuanza kazi aliigusa herufi ya mwisho, akafuta kidole kwa karatasi, akasimama dirishani kumngoja meneja.

Chumba kilikuwa stoo ya magunia hadi juzi. Dirisha lilitazama uwanja wa kiwanda cha unga: jengo la mashine, ghala, na nyuma yake vihenge vitatu vya bati nene, kila kimoja kirefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu. Mahindi yalipandishwa kwa mitambo na kumiminwa ndani kutoka juu. Chini ya kila kihenge palikuwa na skrubu nene kama gogo, iliyoyachota na kuyasukuma hadi kwenye mashine ya kusagia.

Meneja aliingia na simu sikioni, akaikata.

"Karibu sana. Umeiona ofisi yako?"

"Nimeiona. Kiti je?"

"Kiti kinakuja."

Mwanamke alimwuliza kazi yake hasa ni ipi. Barua ya ajira ilisema atasimamia masuala yote ya usalama, basi. Cheo hicho hakikuwapo kabla yake, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumkabidhi chochote wala wa kumwonyesha njia.

"Kazi yako ni kuwepo," meneja alisema. "Watu wa bima walitaka awepo mtu. Sasa yupo. Mengine utayaona mwenyewe, wewe umesoma."

"Naripoti kwa nani?"

"Kwangu. Ila usiniletee vitu vidogo vidogo."

"Na vikubwa?"

"Hivyo tuombe visije," alisema meneja, akacheka, na simu ikaita tena.

Afisa alikuwa amefundisha fizikia sekondari kwa miaka mingi, na hakuwa na mazoea ya kupokea jibu lisilo na kipimo. Lakini siku ya kwanza si siku ya kubishana. Alitoka kwenda kukitazama kiwanda, akaanzia nyuma.

Kivulini mwa kihenge cha tatu alikuwa ameketi mtu mwembamba, akishona kandambili ya kijani kwa waya. Kazi yake ilikuwa kuingia kwenye vihenge. Wenzake walimwita Panya, na aliitika.

"Wewe ndiye Madamu Usalama?"

"Ndiyo mimi."

"Karibu. Umeletwa na shemeji yangu."

Alipoona hakueleweka, Panya aliweka kandambili chini akaeleza. Mahindi yakiingia na unyevu hushikana juu yakawa gamba. Skrubu inaendelea kuchota chini, shimo linajificha chini ya gamba, na mwisho hakishuki kitu. Hapo mtu huingia kwa mlango wa juu, huteremka kwa ngazi ya ndani na kulivunja gamba kwa mti mrefu, skrubu ikiwa imezimwa. Mume wa dada yake Panya aliingia hivyo mwaka uliopita. Skrubu ikawashwa, gamba likavunjika chini ya miguu yake, na mahindi yakamvuta.

"Hakufungwa kamba?"

"Alifungwa. Tulivuta watu wanne. Mahindi yakishakufika kifuani, Madamu, hayakuachii. Ile kamba ni ya kutuonyesha tu mtu yuko wapi."

"Nani aliwasha?"

"Aliyewasha hakukosa. Shemeji hakutundika kiatu. Alisema naingia na kutoka, hata mate hayatakauka."

Panya alimpeleka ndani ya jengo la mashine akamwonyesha swichi ya kihenge cha tatu: sanduku la chuma ukutani lenye mpini mwekundu, chini ni kuzima, juu ni kuwasha. Anayeingia kwenye kihenge huvua kiatu kimoja na kukitundika kwenye mpini. Cha pili hukiacha sakafuni chini yake. Swichi yenye kiatu haiguswi hata aje mwenye kiwanda. Wazee ndio waliouanzisha utaratibu huo, na haukuandikwa popote. Waendesha mashine walivijua viatu vya kila mtu wa vihenge kama mama anavyovijua vya wanawe.

Afisa aliupima utaratibu huo papo hapo. Ulikuwa rahisi, ulionekana kwa mbali, na kila mtu aliuheshimu. Kasoro yake ilikuwa moja: kiatu hakizuii. Kinaomba tu.

Alinunua kufuli kwa fedha yake. Alipolileta swichini aligundua kwamba mpini hauna tundu la kulipitisha. Ilibidi fundi umeme atoboe sanduku na kufunga bawaba, na kwa hilo laini nzima isimame nusu siku. Alimpelekea meneja jambo hilo.

"Bibi, tusimamishe uzalishaji ili tutoboe tundu?"

"Ndiyo."

"Fundi atakuja mwisho wa mwezi kwa kazi nyingine. Tutaunganisha humo humo."

Mwisho wa mwezi ulifika, fundi hakufika. Kufuli lilibaki kwenye droo, na kiti kilikuwa bado kinakuja. Afisa alifanya kazi akiwa ameketi juu ya gunia lililojazwa magunia.

Jambo la pili aliligundua polepole, na lilimsumbua kuliko la kwanza. Mtunza stoo alikuwa na kawaida ya kuzikagua kamba kila asubuhi kabla ya kuzitoa. Aliacha. Alipoulizwa alishangaa kwa dhati. "Si mwenyewe yupo sasa?" Waendesha mashine wawili waliopokezana zamu walikuwa na kawaida ya kukutana mbele ya swichi, wakaambiana kilichomo na kisichokuwemo, ndipo mmoja aondoke. Wa asubuhi, aliyeitwa Redio kwa sababu hazimiki, sasa alikuwa anaondoka king'ora kikilia tu, mdomo wake ukisikika hadi getini. Wa mchana alikuwa mzee wa miaka karibu sitini, jina lake Mzee Taratibu, mtu aliyefanya kila kitu mara moja na vizuri. Zamani alipanda ngazi ya nje ya kihenge kila siku, akagonga mlango wa juu na kuchungulia, ndipo ashuke kuwasha. Naye aliacha.

"Magoti yangu yamepata mwakilishi," alimwambia afisa, na wapakiaji wakacheka. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Baba, mimi siko juu ya ngazi. Niko ofisini."

"Lakini upo, mama. Hilo tu linatutosha."

Afisa aliwaomba warudi kwenye kawaida zao. Walikubali kwa adabu na hawakurudi. Alimweleza meneja, na meneja akafurahi kweli. "Hiyo ndiyo faida ya kugawana kazi," alisema. "Zamani kila mtu alikuwa na wasiwasi. Sasa wasiwasi una ofisi."

Dada wa afisa, ambaye alikaa kwake, alimwuliza jioni moja wakianua nguo.

"Hebu niambie, kazi yenyewe ni nini?"

"Kuwepo."

"Hiyo hata mimi naiweza. Tena bila cheti."

"Watu wote pale walikuwa na jicho moja kwenye kile kihenge. Wote wamenikabidhi. Mimi ninayo mawili tu."

Dada aliacha kukunja. "Basi acha kazi."

"Nikiacha, hawatarudi kuangalia. Kibao kitabaki mezani, na wataona kibao. Ataingia mtu mle ndani akidhani analindwa."

"Mzigo wa mwenzio kanda la usufi," dada alisema. "Wewe umebeba makanda ya kiwanda kizima, na bado hujapewa hata kiti."

Lilikuwako pia suala la viatu vyake mwenyewe. Afisa alikuja kazini na viatu vyeusi vya ngozi, vya kisigino kifupi, akavivua mlangoni mwa jengo la mashine na kuvaa buti za mpira. Wapakiaji walipata mchezo. Siku moja aliporudi alivikuta juu ya rundo la magunia, kimoja kikitazama mashariki na kingine magharibi. Siku nyingine vilikuwa kwenye mizani, vimepimwa. Afisa hakukasirika. Alikwisha kukaa na wanafunzi. Aliyekasirika ni Mzee Taratibu.

"Viatu vya mkubwa si mpira wa kuchezea," aliwaambia. "Nyinyi hamna mama?"

"Tunaye, mzee, ila hana visigino!"

Mzee alivichukua, akavifuta unga kwa kitambaa chake cha mkononi, akavipeleka ofisini mwenyewe na kuviweka chini ya meza, ncha zikitazama mlango, tayari kwa kuvaliwa.

"Asante sana, baba," afisa alimwambia. "Mungu akuweke."

"Nikivikuta tena vinatupwatupwa nitavileta, mama. Hilo niachie mimi."

Ndilo jambo pekee kiwandani ambalo mtu alimwambia amwachie.

Wiki ya mvua za kwanza, mahindi yaliyopokelewa yalikuwa na unyevu. Asubuhi ya Alhamisi Redio aliona skrubu ya kihenge cha tatu inazunguka kavu, na huku juu kumejaa. Akazima. Meneja alikuja ofisini kwa afisa, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Kuna gamba. Panya aingie alivunje."

"Swichi haina kufuli. Nilisema hataingia mtu kabla ya kufuli."

"Uamuzi wako?"

"Ndiyo."

"Sawa. Basi nitasema hivyo: kiwanda kimesimama kwa uamuzi wa afisa usalama. Vibarua nao nitawaambia nani amewarudisha nyumbani." Hakupandisha sauti. "Na watu wa bima wanakuja kesho. Wanataka utaratibu wa kuingia kwenye vihenge, umeandikwa, una sahihi yako."

Alipotoka, afisa alikaa juu ya gunia lake akafikiri. Huenda gamba lingeweza kuvunjwa na mtu aliye kwenye ngazi, bila kukanyaga, kama mti ungekuwa mrefu vya kutosha. Kama ni hivyo, utaratibu upo, na hapatahitajika mtu kusimama juu ya mahindi tena kamwe. Kama sivyo, angekataa kesho mbele ya watu wa bima, akiwa na sababu yenye vipimo. Kwa vyovyote ilibidi umbali wa ngazi na gamba upimwe.

Alimwita Panya.

"Mimi nitakuambia, Madamu, wewe uandike," Panya alisema. "Mle nimeingia mpaka nimechoka."

"Utaniambia unachokikumbuka. Mimi nataka ambacho hukumbuki."

"Basi niingie mimi na futi yako."

"Dada yako amezika mmoja. Wewe utakaa mlango wa juu na kamba. Mimi sitakanyaga mahindi. Nitaishia kwenye ngazi."

Panya aliitazama futi yake. "Haya," alisema. "Lakini kiatu utatundika."

"Nitatundika."

Alimweleza Redio mbele ya swichi: anaingia kihenge cha tatu kupima, hachukui muda, mpini usiguswe. Redio aliitikia mara tatu, akaongeza na mzaha, kwamba leo mahindi yatapata mwalimu. Afisa hakumpigia meneja simu. Alihesabu kwamba hilo lilikuwa dogo.

Ilikuwa imebaki saa nzima kabla ya zamu kubadilishana, na muda huo ungetosha. Lakini stoo walimpa kamba yenye vumbi, na mtunza stoo hakuweza kusema ilikaguliwa lini. Afisa aliikagua mwenyewe, pima baada ya pima, akaivuta na kuikunja kila mahali. Alipata sehemu iliyochanika. Akaomba nyingine, akaikagua nayo. Walipomaliza, king'ora cha saa nane kilikuwa karibu.

Alivua viatu vyake swichini akavaa buti. Kimoja alikitundika kwenye mpini mwekundu kwa kisigino. Cha pili akakiweka sakafuni. Redio alikuwa anakunja koti lake.

"Wa zamu ya mchana akija..." afisa alianza.

"Mzee anajua mambo ya viatu tangu sijazaliwa," Redio alisema. "Usihofu."

Afisa aliamini Redio atamngoja mwenzake, kama watu wa swichi walivyofanya siku zote. Redio aliamini kwamba jambo la usalama likishakuwa mikononi mwa mwenyewe, mwenyewe ndiye husema. King'ora kilipolia aliondoka, akipiga soga na wapakiaji.

Nyuma ya jengo, afisa na Panya walipanda ngazi ya nje. Feni za kukaushia nafaka zilikuwa zinanguruma, ikabidi wasemezane kwa ishara. Panya alifungua mlango wa juu, akamfunga kamba kiunoni, akaivuta mara mbili kujaribu. Afisa aligeuka, akashika ngazi ya ndani, akateremka na tochi kifuani. Panya aliuona mwanga ukishuka, ukasimama. Kisha aliona tochi imeelekezwa chini na futi ya chuma ikichomoka kuelekea gamba. Haikufika. Afisa alishuka kipandio kimoja zaidi, cha mwisho. Bado haikufika. Alinyoosha mguu mmoja akaujaribu uso wa mahindi, kama mtu anayejaribu maji. Ulimbeba.

Getini, Mzee Taratibu alikutana na meneja akitoka kwenda mjini.

"Mzee, tumepoteza asubuhi nzima. Ukifika jaribu cha tatu. Huenda unyevu umejiachia."

"Kuna mtu mle?"

"Hakuna. Madamu amekataza mtu kuingia."

Mzee aliingia kwenye jengo la mashine, akaning'iniza kofia yake, akaenda kwenye swichi. Kwenye mpini palikuwa na kiatu cheusi cha ngozi, chenye kisigino. Alisimama akakitazama. Kisha alitazama sakafuni akaona mwenzake, na unga umeshaanza kutua juu yake.

Aligeuka kwa wapakiaji waliokuwa wanaingia zamu.

"Nani katundika viatu vya Madamu?"

"Si sisi, mzee!"

"Si nyinyi. Ni majini, nayo yana miguu."

"Wallahi si sisi! Labda Madamu kahamia kwenye vihenge, anatafuta kiti!"

Walicheka, mmoja hadi akashika ukuta. Mzee hakucheka. Alitafuta kandambili ya kijani iliyoshonwa kwa waya: kwenye mpini, sakafuni, nyuma ya sanduku. Haikuwapo. Alitafuta viatu vya watu wengine wa vihenge, navyo havikuwapo. Wakubwa hawakuwahi kuingia humo tangu kiwanda kijengwe, na huyu alikuwa amekataza hata wengine. Mzee alitazama mlango unaotoka kwenda kwenye ngazi ya nje, akayashika magoti yake, akauacha.

Alikitoa kiatu kwenye mpini. Alikiokota cha pili. Alivifuta vyote viwili kwa kitambaa chake, ndani na nje, akazungusha kidole kwenye ukingo wa soli mahali unga unapopenda kukaa. Akavuka uwanja navyo, mikono mbele, hadi ofisini.

Alibisha hodi. Akabisha tena. Mlango haukuwa umefungwa. Ndani hapakuwa na mtu, lakini kiti kilikuwa kimefika: kilikuwa nyuma ya meza, kipya, cha kuzunguka, bado kimevikwa nailoni. Mzee aliviweka viatu chini yake, ncha zikitazama mlango. Kwenye meza, kibao kilikuwa kimekauka zamani.

Alirudi kwenye jengo la mashine bila haraka. Mpini ulikuwa chini na haukuwa na kitu. Aliushika kwa mikono miwili, kwa kuwa ulikuwa mzito, akausukuma juu. Skrubu ikaanza kuzunguka, kwanza kavu.

Saa nane na robo, mahindi yalianza kushuka.